Kuona viwili viwili: Je, ni sukari au kuna jambo jingine?

Mama mmoja wa Ukunda, mwenye umri wa miaka 56, huamka saa kumi za alfajiri kila siku kupika mahamri ya kuwauzia vijana wa bodaboda na wafanyakazi wa hoteli za Diani. Asubuhi moja alipoinama jikoni aliona karai mbili za mafuta, moja kando ya nyingine na imepanda juu kidogo. Akafikicha macho, akidhani ni moshi. Alipofumba jicho la kulia, karai ikarudi kuwa moja. Alipolifumbua, zikawa mbili tena. Siku hiyo alimaliza kupika akiwa amefumba jicho moja, na mkono ukaungua kwa mafuta kwa sababu hakuweza kukadiria umbali.

Siku ya pili ukope wa jicho la kulia ulikuwa umelala kabisa. Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema ni kiharusi. Shangazi alisema amepigwa na jini, na akashauri apelekwe kwa mganga akachanjwe chale juu ya nyusi. Binti yake alisema, "Mama ana sukari mwaka wa tisa huu. Hii ni sukari tu." Binti huyo ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote. Lakini lile neno lake la mwisho, lile "tu," ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Aliingia chumbani mwangu akiwa amejifunika nusu ya uso kwa leso.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nataka unipe dawa ya matone. Jicho limechoka."

Sikumpa matone. Nilichukua tochi ndogo, nikauinua ule ukope kwa kidole na kutazama mboni zake mbili, moja baada ya nyingine, kisha zote pamoja. Binti yake baadaye aliniuliza mbona nilitumia muda mrefu kutazama jicho lisilouma, ilhali mama alilalamikia ukope. Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ni refu.

Nyaya tatu, misuli sita

Kila jicho, mpendwa msomaji, huvutwa na misuli midogo 6. Misuli hiyo haina akili yake yenyewe. Hupokea amri kutoka kwa ubongo kupitia mishipa ya fahamu, au neva, ambayo waweza kuifananisha na nyaya za stima. Kuna jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja ubongoni, na madaktari huzitaja kwa nambari. Tatu kati yake, yaani ya 3, ya 4 na ya 6, ndizo zinazoendesha macho.

Neva ya 3 ndiyo yenye kazi nyingi. Huendesha misuli 4 kati ya ile 6, huinua ukope wa juu, na pia hubana mboni, yaani lile duara jeusi lililo katikati ya jicho, mwanga unapoingia. Ikipooza, ukope huanguka na jicho huelekea nje na chini. Neva ya 6 huendesha msuli mmoja tu, ule unaovuta jicho upande wa sikio. Ikipooza, jicho huvutika kuelekea puani na mtu huona vitu viwili vikiwa sambamba, hasa akitazama mbali. Neva ya 4 nayo ina msuli mmoja, unaosaidia kutazama chini.

Hii ya 4 watu wengi huishi nayo kwa majuma bila kujua, kwa kuwa jicho halionekani kuwa na kasoro. Niliwahi kumtibu mgema mmoja aliyeniambia kwamba kupanda mnazi hakumsumbui hata kidogo, ila akishuka anaona ngazi mbili zilizochongwa, moja juu ya nyingine, na hajui mguu autie ipi. Nilipomwambia ashike ardhi kwa miezi mitatu alinitazama kama mtu aliyeambiwa afunge duka. Shingo yake ilikuwa imeinamia begani bila yeye kutambua. Ndivyo mwili unavyojitafutia njia ya kuunganisha picha mbili. Yeye pia alikuwa na sukari, na hakuwa akijua.

Sukari huingiaje hapa?

Neva nayo ni kiungo kilicho hai. Inahitaji damu, na hulishwa na vijishipa vya damu vyembamba sana. Sukari ikikaa juu kwa miaka, vijishipa hivyo hukazana na kuziba. Presha ya damu, mafuta mengi katika damu na sigara huharakisha kazi hiyo. Siku kijishipa kimoja kinapoziba, sehemu ya ndani ya neva hukosa damu, na neva hupooza ghafla. Ni kama kiharusi kidogo, lakini cha neva moja tu, nje ya ubongo.

Habari njema ni kwamba neva ya namna hiyo aghalabu hupona. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya majuma machache, na kufikia miezi mitatu wagonjwa wengi huwa wamerudi kama zamani. Hakuna dawa ya kuiharakisha, wala sindano, wala matone. Hutunzwa sukari na presha, na mtu husubiri.

Kama kila jicho lililopooza kwa mgonjwa wa sukari lingekuwa hivyo, ningemaliza hapa. Lakini kuwa na kisukari hakumkingi mtu na maradhi mengine.

Niliandika "kisukari"

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, alikuja mwanamke wa miaka 44. Alikuwa na kisukari. Ukope mmoja ulikuwa umeanguka na kichwa kilimuuma nyuma ya jicho hilo. Mboni ya jicho lile ilikuwa kubwa kuliko ya pili, na nilipoimulika haikubana. Niliiona. Hata niliiandika katika faili. Kisha chini yake nikaandika neno moja, "kisukari," nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Siku ya nne aliletwa akiwa hajitambui. Alikuwa akifua nguo, wakaniambia, akashika kichwa na kupiga kelele mara moja. Alifariki usiku ule.

Kilichomuua ni mshipa wa damu chini ya ubongo ambao ukuta wake ulikuwa umedhoofika na kuvimba kama puto. Puto hilo lilikuwa likiibana neva ya 3 kabla ya kupasuka. Likipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo, na wengi hufariki, wengine kabla hata ya kufika hospitali. Likigunduliwa kabla halijapasuka, daktari wa upasuaji wa ubongo aweza kulifunga kwa kibanio, au kuliziba kwa ndani kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa.

Mboni ndiyo iliyokuwa ikinieleza haya yote. Nyuzi zinazobana mboni hupita juu juu, kwenye ngozi ya nje ya neva ya 3. Sukari huharibu neva kuanzia ndani, kwa hivyo nyuzi za nje husalimika na mboni hubaki ndogo na hai hata kama ukope umelala kabisa. Puto hubana kutoka nje, kwa hivyo nyuzi za mboni ndizo huumia kwanza. Ndiyo sababu ya kutumia muda mrefu na tochi.

Kanuni hiyo ni nzuri lakini haijakamilika, na ni lazima niseme ukweli huo. Kuna wagonjwa wa sukari ambao mboni hupanuka kidogo, kwa kawaida isizidi milimita 1, na bado ni sukari. Na kuna maputo ambayo siku za kwanza huiacha mboni salama, hasa pale ambapo ukope umeanguka nusu tu na jicho bado linasogea kiasi. Kwa hivyo mgonjwa wa namna hii hatazamwi mara moja. Hutazamwa tena baada ya siku moja au mbili, na tena, kwa muda wa wiki nzima ya kwanza. Mboni iliyokuwa sawa Jumatatu ikawa kubwa Alhamisi, safari ni ya siku hiyo hiyo.

Jambo jingine linalopotosha watu ni maumivu. Wengi hudhani kwamba kichwa kikiuma ni puto, na kisipouma ni sukari. Sivyo. Neva iliyokosa damu kwa sababu ya sukari yaweza kuuma sana nyuma ya jicho na juu ya nyusi kwa siku kadhaa, wakati mwingine hata kabla ya ukope kuanguka. Maumivu ya ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kuyapata maishani, ni jambo jingine: hayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, uwe na sukari au usiwe nayo.

Wengine wanaojificha nyuma ya jina la sukari

Daktari akishaiona mboni, huuliza maswali mengine. Mengi hufanana na udaku, lakini kila moja lina sababu yake.

Je, ni neva moja au zaidi? Sukari kwa kawaida hupiga neva moja. Jicho likishindwa kwenda upande wowote, na hasa kama paji la uso au shavu limekufa ganzi, basi tatizo liko mahali ambapo neva hizi zote hupita pamoja nyuma ya jicho, na lazima picha ipigwe.

Je, sukari iko juu kupindukia, uso umevimba, jicho linatokeza, na puani mnatoka majimaji meusi au kuna gaga jeusi? Huu ni ugonjwa wa kuvu ambao huwapenda wagonjwa wa sukari isiyotunzwa. Ulijulikana sana mwaka 2021 wakati wa Covid-19, pale India ilipopata maelfu ya wagonjwa, wengi wao wakiwa na kisukari na wamepewa dawa za steroidi. Kuvu hii hula mfupa na kuelekea ubongoni kwa siku chache. Haingoji miadi. Inahitaji dawa kali ya mshipani na mara nyingi upasuaji wa kuondoa sehemu iliyokufa.

Je, macho yote mawili yamevutika puani, na asubuhi mtu hutapika na kichwa humuuma? Neva ya 6 ina safari ndefu ndani ya fuvu, na shinikizo likipanda ndani ya kichwa kwa sababu yoyote ile, hiyo neva huvutwa na kupooza hata kama ugonjwa wenyewe uko mbali nayo. Yaweza kuwa uvimbe. Yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kifua kikuu, au ile ya kuvu inayowapata watu wenye virusi vya Ukimwi ambao hawajaanza dawa au wameziacha. Ndiyo maana tunaomba kupima virusi hata kwa mzee wa miaka 60, naye hukasirika. Tunapima na kaswende pia, naye hukasirika zaidi. Kaswende ya zamani yaweza kukaa kimya miaka mingi kisha ikaibukia kwenye neva za macho, na tiba yake ni penisilini.

Je, pua imeziba upande mmoja kwa miezi, inatoka damu, sikio moja limeziba, au shingoni kuna tezi ngumu isiyouma? Saratani ya nyuma ya pua si ngeni hapa Kenya, na mara nyingine jicho lililokengeuka ndilo linalomleta mgonjwa hospitali. Nimeona watu waliotibiwa "mafua" mwaka mzima.

Je, ukope huinuka asubuhi na kuanguka jioni? Kuona viwili viwili kunakokuja na kwenda, na mboni ikiwa sawa siku zote, humfanya daktari afikirie ugonjwa ambao neva ni nzima lakini misuli huchoka haraka. Kuna kipimo rahisi ambacho hapa Pwani hakina gharama: kipande cha barafu, hata cha muuza samaki, kikifungwa kwa kitambaa safi na kuwekwa juu ya ukope uliofumbwa kwa dakika 2. Ukope ukiinuka wazi baada ya hapo, sukari huenda haina hatia. Mgonjwa wa namna hii akianza kupaliwa au kushindwa kumeza ni dharura.

Kope zote mbili zikianguka ndani ya saa chache kwa mtu aliyetoka shambani, angalia miguu yake. Nyoka wa jamii ya fira na koboko wana sumu inayolegeza misuli, na kope ndizo huanza. Baada ya kope ni pumzi.

Kwa wakazi wa Diani niongeze neno moja. Miongoni mwetu wako wazee wengi wastaafu kutoka Ulaya. Mzungu aliyepita umri wa miaka 50 akianza kuona viwili viwili, huku utosi au panja zinauma akichana nywele na taya linachoka akitafuna, aharakishwe. Kuna ugonjwa wa mishipa ya damu ya kichwa, wa kawaida kwao na nadra sana kwetu, ambao waweza kupofusha macho yote mawili kwa siku chache. Kipimo cha damu cha kutazama kasi ya chembechembe kutuama hutoa fununu, na matibabu ya steroidi huanza siku hiyo hiyo. Iwapo ana kisukari, sukari yake itapanda kwa dawa hizo na itabidi iangaliwe, lakini hakuna sababu ya kuchelewa.

Mwisho, usichanganye haya na uso kupinda. Katika kupooza kwa neva ya 7, ambako pia huwapata wenye sukari, mdomo huenda upande na jicho hukataa kufunga. Katika neva ya 3, jicho hukataa kufunguka. Watu huyaita yote "kiharusi" au "upepo," na mara nyingi daktari hupotezwa na jina alilopewa mlangoni.

Unachoweza kuangalia nyumbani

Ukianza kuona viwili viwili, funika jicho moja kwa kiganja, kisha lingine. Picha ikiwa moja kila unapofunika jicho lolote kati ya hayo mawili, basi macho hayaendi pamoja, na hilo ni jambo la neva au misuli. Picha zikibaki mbili hata ukifunika jicho moja, tatizo limo ndani ya jicho lililobaki wazi. Mara nyingi ni mtoto wa jicho au haja ya miwani. Hilo si la kukimbilia hospitali usiku.

Kisha mwambie mtu akutazame mboni katika chumba chenye mwanga hafifu, halafu amulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni kwa muda mfupi. Zinalingana? Zote hubana? Macho meusi kama yetu humfanya mtu asiione mboni vizuri, kwa hivyo amulike kutoka upande na asogee karibu. Kama huna hakika, chukulia kwamba hazilingani.

Mboni zikitofautiana, kichwa kikiuma ghafla kwa ukali, mtu akitapika, akisinzia, akiwa na homa na shingo ngumu, au mkono na mguu vikilegea, usingoje kliniki ya Jumatatu. Kwa Kwale, hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Kituo cha macho cha Kwale, kilichoanzishwa mwaka 1993, kina wataalamu wa macho wa kupima neva hizi na kutazama nyuma ya jicho. Picha za mishipa ya ubongo zaweza kukulazimu uvuke Likoni kwa feri au upite Dongo Kundu hadi Mombasa.

Kuhusu picha hizo, jua unachoomba. Picha ya kawaida ya CT ya kichwa yaweza kutoka safi kabisa na puto likawa lipo. Inayotafutwa ni CT ya mishipa ya damu, ambayo mgonjwa hudungwa dawa ya rangi, au MRI ya mishipa. Mgonjwa wa sukari aseme mapema kama figo zake zina matatizo na kama anameza metformini, kwa sababu dawa ya rangi hupitia kwenye figo. Picha hizi ni ghali, na sitajifanya kwamba kila familia ya Kinango au Lunga Lunga yaweza kuzilipia kesho. Kwa sababu hiyo hasa, daktari hapaswi kumtuma kila mgonjwa. Mtu aliyepita miaka 50, mwenye sukari au presha inayojulikana, neva moja tu, mboni nzima, hana dalili nyingine yoyote: huyo aweza kufuatiliwa kwa karibu bila picha, mradi afuatiliwe kweli. Mwenye umri mdogo, au aliyewahi kuugua saratani, au asiyepata nafuu yoyote baada ya miezi mitatu, huyo picha ni lazima. Wapo wenzangu wanaopiga picha kwa kila mmoja, na pale ambapo mashine ipo karibu na fedha zipo sina ubishi nao.

Kinachoweza kupimwa leo, tena karibu na nyumbani, ni presha na sukari. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 au zaidi, au ile ya miezi mitatu ikifika asilimia 6.5, hicho ni kisukari, na kwa mtu asiye na dalili kipimo hurudiwa kuthibitisha. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu watu wazima 9 katika kila 10 nchini Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Yule mgema wangu alikuwa mmoja wa hao.

Miezi mitatu ya mama wa mahamri

Mboni za yule mama zililingana na kubana sawasawa. Ukope ulikuwa umelala kabisa, jicho limeelekea nje, lakini hisia za uso zilikuwa nzima, na neva nyingine zote zilikuwa timamu. Presha yake ilikuwa 158 kwa 94. Sukari ya kufunga ilikuwa 13.8 na ile ya miezi mitatu asilimia 10.2. Tulipima damu kwa yale mengine niliyoyataja, naye akakasirika kama nilivyosema. Zote zilitoka safi. Nilimwambia arudi kesho, na keshokutwa, na wiki ile ilipokwisha mboni bado zilikuwa sawa.

Nilimkataza mambo matatu. Asinunue matone dukani, kwa kuwa baadhi yake yana steroidi na mengine hupanua mboni, na mboni ikipanuliwa kwa dawa tutakuwa tumevunja kipimo chetu wenyewe. Asimeze asprini kwa ushauri wa jirani kabla hatujawa na uhakika. Na asichanjwe juu ya nyusi. Sina ugomvi na dua, lakini wembe kwenye ngozi ya mtu mwenye sukari ya 13 ni njia ya usaha. Shangazi alikuwepo na alinisikia. Akasema dua wataendelea nayo, nikasema vyema.

Madereva huniuliza kama wanaweza kuendesha gari wakifunika jicho moja. Hapana, si katika majuma ya kwanza, kwa kuwa umbali hupotea. Mama naye nilimwambia asisimame mbele ya karai. Binti alichukua kazi ya kukaanga, mama akabaki kukanda unga.

Tulibadili dawa zake za sukari na kumwanzishia ya presha. Alipelekwa kutazamwa nyuma ya macho, na hapo pakaonekana vidoti vya damu vya mwanzo, ambavyo havikuwa vimempa dalili yoyote katika miaka yote tisa. Havihitaji tiba kwa sasa, ila atazamwe kila mwaka. Hakuwa ametazamwa hata mara moja.

Wiki ya 6 alirudi kwa hofu. "Mwanangu, limezidi! Sasa naona viwili kuliko mwanzo." Nilifurahi, naye akaudhika kuniona nimefurahi. Ukope ulikuwa umeanza kuinuka. Ulipokuwa umelala ulikuwa umelifunika jicho lililokengeuka, kwa hivyo aliona kwa jicho moja tu. Ulipoinuka, picha ya pili ikarudi. Tulibandika plasta nyeupe kwenye kioo kimoja cha miwani yake ya kusomea, na akaenda zake.

Wiki ya 11 karai ilikuwa moja, kila upande alioutazama. Sukari ya kufunga ilikuwa imeshuka hadi 7.9. Amerudi kukaanga, na binti amekubali kupimwa sukari yeye mwenyewe. Yake ni 5.2. Tunachobishana sasa na mama ni vijiko vinne vya sukari katika chai ya alfajiri, ambavyo anadai si vinne.